Unga, zebaki na siku 28: Jinsi watafiti walivyofumbua siri ya kasoro za kuzaliwa

MTOTO anapozaliwa akiwa na mgongo wazi, au kichwa chake kikizidi kufura kila wiki, swali la kwanza ambalo huulizwa katika familia nyingi si la kitabibu. Huulizwa ni nani aliyekosa. Mama hushukiwa kuvunja mwiko, ukoo alikotoka huchunguzwa iwapo una laana, na si mara moja baba amehiari kutoweka, akimwachia mwenzake mzigo wote wa malezi.

Hali hii si ya Gusii pekee wala ya Kenya pekee. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 80 sasa kumekuwa na wanasayansi ambao wamejitolea kuuliza swali la namna nyingine kabisa. Wao hutaka kujua mama huyo alikula nini, alikunywa nini, alimeza dawa ipi, aliugua ugonjwa gani, na muhimu zaidi, ilikuwa katika wiki ya ngapi ya mimba.

Swali hilo limeokoa maelfu ya watoto kote duniani. Makala haya yanaeleza lilivyoanza kuulizwa, lilivyofika katika fuo za Ziwa Victoria, na sababu ya majibu yake kuchelewa kumfikia mwanamke wa Nyakoe, wadi iliyoko eneo bunge la Kitutu Chache Kusini, Kaunti ya Kisii.

Ukubwa wa tatizo

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watoto wachanga wapatao 240,000 hufariki kila mwaka kabla ya kutimiza siku 28 kutokana na kasoro walizozaliwa nazo. Wengine 170,000 hufariki kati ya umri wa mwezi mmoja na miaka mitano. Kati ya kila watoto 10 wanaozaliwa na kasoro kubwa, tisa ni wa mataifa yenye mapato ya chini na ya wastani.

Kasoro hizo ni za aina nyingi: moyo wenye tundu, mdomo uliopasuka, miguu iliyopinda, mgongo wazi, na nyinginezo. Baadhi hutokana na urithi, yaani chembe za wazazi. Baadhi husababishwa na mazingira. Nyingi hutokea pale mambo haya mawili yanapokutana, na kwa watoto wengi chanzo hakijabainika.

Neno mazingira hapa lisimpotoshe msomaji. Kwa watafiti wa taaluma hii, mazingira si hewa, mito na misitu pekee. Kwa kijusi kilichomo tumboni, mazingira ni kila kitu kinachomfikia kupitia kwa mama: chakula, dawa, pombe, moshi, maambukizi, homa kali, madini ya sumu, na hata upungufu wa kitu ambacho kingepasa kuwepo lakini hakipo.

Umuhimu wa kutenganisha urithi na mazingira ni bayana. Urithi hatuwezi kuubadilisha kwa urahisi. Mazingira tunaweza.

Ukuta uliodhaniwa kuwa imara

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma ni ukuta ambao sumu haiwezi kupenya. Mtoto aliyezaliwa na kasoro alihesabiwa kuwa amerithi damu mbaya.

Mwaka wa 1941, daktari wa macho mjini Sydney, Australia, Norman Gregg, alitambua kwamba idadi kubwa isiyo ya kawaida ya watoto wachanga walikuwa wakiletwa kwake wakiwa na mtoto wa jicho. Alipochunguza habari za mama zao aligundua kwamba wengi wao waliugua rubela, ugonjwa wa vipele unaofanana na ukambi, walipokuwa na mimba changa. Ugonjwa ambao kwa mtu mzima ni wa siku chache tu ulikuwa umemharibia mtoto macho na moyo. Wengine walisadiki habari hizo, wengine wakazikejeli. Leo chanjo ya kuzuia rubela hutolewa kwa watoto wa Kenya, ambako ilianzishwa mwaka wa 2016 ikiunganishwa na ile ya ukambi.

Pigo la pili dhidi ya imani hiyo ya ukuta lilikuwa dawa ya thalidomide. Iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 kama dawa ya usingizi isiyo na madhara, na wanawake waja wazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Kufikia Novemba 1961, ilipoondolewa sokoni nchini humo, zaidi ya watoto 10,000 katika mataifa mengi walikuwa wamezaliwa wakiwa na mikono au miguu mifupi mno, au bila viungo hivyo kabisa. Daktari Widukind Lenz wa Hamburg alizunguka kutoka nyumba hadi nyumba akiwahoji mama mmoja mmoja hadi uhusiano ukadhihirika. Marekani iliepuka janga hilo kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya afisa mmoja wa kukagua dawa, Frances Kelsey, ambaye alikataa kuidhinisha dawa hiyo hadi aonyeshwe ushahidi wa kutosha.

Kisa cha thalidomide kina funzo jingine kuhusu taaluma hii. William McBride, daktari wa Australia ambaye barua yake katika jarida la The Lancet mwaka wa 1961 ilikuwa miongoni mwa tahadhari za kwanza, alipata sifa kubwa. Miaka ya baadaye alipatikana na hatia ya kughushi matokeo ya utafiti kuhusu dawa nyingine, na mnamo 1993 jina lake likafutwa katika sajili ya madaktari. Utafiti wa kasoro za kuzaliwa humhitaji mtu mwenye huruma, lakini pia anayeziheshimu takwimu hata zinapomkana.

Daktari wa Minamata afika Ziwa Victoria

Pengine hakuna maisha ya kitaaluma yanayoeleza fani hii vyema kuliko yale ya Masazumi Harada wa Japan, aliyezaliwa mwaka wa 1934 na kufariki mwaka wa 2012.

Mnamo Mei 1956 hospitali moja katika mji wa Minamata iliripoti ugonjwa wa ajabu uliowafanya watu watetemeke, wapoteze uwezo wa kuona na kusema, na hatimaye wafe. Ilikuja kubainika kwamba kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga majitaka yenye zebaki katika ghuba, samaki wakaila, na wavuvi wakawala samaki.

Harada alikuwa daktari kijana wa magonjwa ya akili na neva wa Chuo Kikuu cha Kumamoto alipoanza kuzuru mji huo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika nyumba moja aliwakuta ndugu wawili waliokuwa na dalili zilezile. Mkubwa alikuwa ametambuliwa kuwa mgonjwa wa Minamata. Mdogo aliambiwa ana ulemavu wa ubongo wa kawaida, kwa hoja kwamba hajawahi kula samaki. Mama yao hakuyakubali maelezo hayo. Yeye mwenyewe alikuwa amekula samaki akiwa na mimba ya mtoto huyo, na aliamini kwamba sumu ilimpitia yeye ikamfikia mwanawe.

Vitabu vya wakati huo vilikataa uwezekano huo. Harada alichagua kumsikiliza mama. Alianza kuwachunguza watoto wengine waliozaliwa katika vijiji hivyo, akalinganisha dalili zao, miaka yao ya kuzaliwa na mahali walipoishi. Mwishoni mwa 1962, baada ya uchunguzi wa maiti za watoto wawili kuthibitisha sumu, watoto 16 walitambuliwa rasmi kuwa waliathiriwa wakiwa tumboni.

Ushahidi wa kuvutia zaidi ulikuja baadaye. Wajapani wana desturi ya kuhifadhi kipande cha kitovu cha mtoto kikiwa kimekaushwa. Harada alizunguka akiviomba vipande hivyo kutoka kwa familia. Mwaka wa 1975, yeye na mwenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya zebaki vilivyotokana na vitovu hivyo. Kila kitovu kilikuwa na tarehe ya kuzaliwa, na kwa hivyo kiwango cha zebaki kiliweza kulinganishwa na kiwango cha uzalishaji wa kiwanda mwaka baada ya mwaka. Desturi ya akina mama iligeuka kuwa hati ya ushahidi.

Ukweli huo haukumletea Harada cheo. Alitoa ushahidi mahakamani kwa niaba ya waathiriwa, na hadi alipostaafu Kumamoto mwaka wa 1999 alikuwa profesa mshiriki tu. Badala ya kulalama, alifunga safari kwenda kokote zebaki ilikoripotiwa, zikiwemo jamii za wenyeji asilia wa Canada na wachimbaji dhahabu wa Afrika Mashariki.

Hapo ndipo habari zake zinapokaribia nyumbani. Katika miaka ya 1990 Harada na wenzake walipima zebaki katika nywele za watu waishio kando ya Ziwa Victoria, kwanza Tanzania na kisha Kenya. Walitarajia kuiona kwa wachimbaji dhahabu, ambao huitumia kunasa chembe za dhahabu kisha huichoma na kuvuta mvuke wake, na pia kwa wavuvi wanaokula samaki kila siku. Kwa mshangao wao, baadhi ya viwango vya juu kabisa vilikuwa vya watu waliotumia sabuni za kubadilisha rangi ya ngozi. Utafiti wao kuhusu sabuni hizo nchini Kenya ulichapishwa mwaka wa 2001.

Ni muhimu kuelewa tofauti. Zebaki iliyo katika sabuni si ya aina ileile iliyowalemaza watoto wa Minamata. Ile ya samaki ndiyo hupenya kwa urahisi hadi kwenye ubongo wa kijusi. Hata hivyo, zebaki ya sabuni huharibu figo, na haina nafasi yoyote katika ngozi ya mwanamke mjamzito. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulipitishwa Kumamoto mnamo Oktoba 2013 na kupewa jina la Minamata, ukaanza kutekelezwa Agosti 2017. Mnamo 2023 mataifa wanachama yaliafikiana kuondoa vipodozi vyote vya ngozi vyenye zebaki ifikapo 2025. Kuviondoa sokoni kabisa ni kibarua kingine. Isitoshe, katika Kaunti jirani ya Migori, maeneo kama Macalder yangali na wachimbaji wadogo wanaotumia zebaki kwa mikono mitupu, na wanawake wa umri wa kuzaa wamo miongoni mwao.

Siri iliyokuwa katika jani

Ikiwa Minamata ni kisa cha sumu iliyozidi, kisa cha pili ni cha kirutubisho kilichopungua.

Mwaka wa 1931, daktari Mwingereza Lucy Wills aliripoti kutoka Bombay, India, kwamba wanawake maskini waliokuwa na mimba na kupungukiwa damu walipata nafuu walipolishwa dondoo la hamira. Kitu hicho kilichowaponya hakikuwa na jina. Miaka 10 baadaye wanasayansi walikitoa katika majani ya spinachi, wakakiita kwa neno litokanalo na Kilatini lenye maana ya jani: asidi ya foliki. Ni aina ya vitamini B ambayo mwili huhitaji kila chembe inapogawanyika, na hakuna wakati ambapo chembe hugawanyika kwa kasi kuliko katika wiki za kwanza za mimba.

Katika miaka ya 1960 mjini Liverpool, Uingereza, daktari wa watoto Richard Smithells alianzisha rejista ya watoto wote waliozaliwa na kasoro. Mwaka wa 1965 yeye na Elizabeth Hibbard walichapisha dokezo kwamba mama waliozaa watoto wenye kasoro za ubongo na uti wa mgongo walielekea kuwa na hitilafu katika namna mwili wao ulivyotumia kirutubisho hicho. Jaribio la Smithells la mwaka wa 1980 liliwapa vidonge vya vitamini wanawake ambao tayari walikuwa wamepata mtoto mwenye mgongo wazi. Kasoro ilijirudia kwa asilimia 0.6 ya waliomeza vidonge, ikilinganishwa na asilimia 5 ya wasiomeza.

Wakosoaji hawakuridhika. Wanawake hawakuwa wamegawanywa kwa kura, walisema, na huenda waliomeza vidonge walikuwa na maisha bora tangu hapo. Shaka hiyo ilikuwa ya haki, na ilijibiwa kwa njia ya pekee inayokubalika katika sayansi. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, chini ya uongozi wa Nicholas Wald, liliandaa jaribio katika vituo 33 vya mataifa saba, wanawake 1,817 wakigawanywa kwa kura. Kati ya mimba 1,195 ambazo matokeo yake yalijulikana, 27 zilikuwa na kasoro hiyo: sita kwa waliopewa asidi ya foliki na 21 kwa wasiopewa. Hatari ilikuwa imepungua kwa asilimia 72. Jaribio lilisitishwa mapema, Aprili 1991, kwa kuwa haikuwa haki tena kumnyima mtu yeyote kinga hiyo.

Siku 28

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utepe bapa ambao hujikunja na kuunda mrija. Mrija huo hufunga kabisa kufikia takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Ukikosa kufunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji hujikusanya kichwani. Ukikosa kufunga upande wa juu, ubongo hauumbiki na mtoto haishi. Wahenga waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakukusudia uti wa mgongo, lakini msemo huo unaufaa kikamilifu.

Katika siku ya 28, mwanamke wengi wetu tungemwambia bado hana habari. Hedhi imechelewa kwa wiki mbili tu. Kliniki ya wajawazito humpa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki bila malipo, lakini wengi hufika huko mimba ikiwa na miezi minne, mitano, au hata zaidi. Vidonge hivyo vingali na manufaa makubwa kwa damu ya mama. Kwa mgongo wa mtoto, hata hivyo, vimefika baada ya mlango kufungwa, au kubaki wazi daima.

Ndiyo sababu WHO hupendekeza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto mwenye kasoro hiyo huhitaji kipimo kikubwa zaidi, ambacho hutolewa na daktari. Lakini mimba nyingi hazipangwi. Vidonge pekee haviwezi kuwafikia wote.

Suala la unga

Jibu la mataifa mengi limekuwa kutia asidi ya foliki katika chakula ambacho kila mtu hula. Marekani iliwalazimisha wasagaji kufanya hivyo kuanzia 1998. Afrika Kusini ilifuata Oktoba 2003, ikijumuisha unga wa ngano na wa mahindi, na utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba kasoro za mrija huo zilipungua kwa takriban asilimia 30. Ushahidi huo ni wa Afrika, na ni wa walaji wa sima kama sisi. Cha ajabu, Uingereza, ambako siri ilifumbuliwa, ilitangaza uamuzi wake mwaka wa 2021 tu, na kupitisha kanuni mwaka wa 2024 inayowapa wasagaji hadi mwisho wa 2026.

Kenya haikungoja Uingereza. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe virutubisho, asidi ya foliki ikiwemo.

Tatizo ni kwamba familia nyingi za mashambani hazili unga wa pakiti. Katika sehemu kama Nyakoe, mahindi hutoka shambani au sokoni, hupelekwa kwenye kinu cha karibu, na hurudi nyumbani yakiwa unga usioongezwa chochote. Unga huo ni wa bei nafuu, na una sifa zake: haukukobolewa kama ule mweupe wa kiwandani. Lakini sheria ya 2012 haiufikii kwa vitendo. Hivyo basi, kinga ambayo serikali imeiweka katika pakiti humfikia mkazi wa mjini mwenye pesa kwanza, na mkulima aliyeyalima mahindi hukosa.

Kuna jambo la pili kuhusu mahindi. Yasipokaushwa vyema huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo fumonisini. Mapema katika miaka ya 1990, eneo la Texas linalopakana na Mexico lilishuhudia ongezeko la watoto waliozaliwa bila ubongo. Utafiti uliochapishwa 2006 ulihusisha hatari hiyo na vyakula vya mahindi vyenye sumu hiyo, na majaribio ya maabara yameonyesha kuwa huzuia chembe kuchukua foliki. Ushahidi kwa binadamu haujafikia uzito wa ule wa vidonge. Hata hivyo, Kenya inajua gharama ya kuvu: mwaka wa 2004 watu 125 walifariki Mashariki mwa nchi kutokana na sumu ya aflatoksini katika mahindi. Katika milima ya Gusii ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kukausha mahindi hadi yakauke kweli ni hatua ya afya, si ya kuhifadhi mavuno pekee.

Daftari ambalo hatuna budi kuwa nalo

Msomaji atakuwa ametambua kwamba Gregg, Lenz, Harada na Smithells wote walianza kwa jambo moja: waliwahesabu watoto. Bila daftari, mtoto mmoja ni bahati mbaya ya familia moja. Akiwa na wenzake 20 katika daftari, anakuwa swali linalodai jibu.

Barani Afrika, umuhimu wa daftari ulidhihirika Botswana, ambako tangu 2014 utafiti uitwao Tsepamo umekuwa ukisajili watoto wanaozaliwa katika hospitali. Mnamo Mei 2018 watafiti walitangaza kwamba wanawake waliotunga mimba wakitumia dolutegravir, dawa ya kudhibiti virusi vya ukimwi, walikuwa wamepata watoto wanne wenye kasoro ya mrija wa neva kati ya 426. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliwazuia wanawake wengi wa umri wa kuzaa kupewa dawa hiyo bora. Usajili uliendelea, na idadi ilipoongezeka tofauti ile ilizidi kufifia hadi ikatoweka. Daftari lilipiga king'ora, na daftari hilohilo likakizima kwa ushahidi.

Jijini Kampala, Uganda, usajili wa namna hiyo ulianza 2015 katika hospitali nne: Mulago, Mengo, Nsambya na Lubaga. Wakunga hufunzwa kumkagua kila mtoto kuanzia kichwani hadi unyayoni. Usajili huo hauhitaji mitambo ya bei ghali. Huhitaji nidhamu, fomu iliyojazwa kila zamu, na mtu wa kuzisoma fomu hizo.

Upande wa tiba, eneo hili lina mafanikio ya kujivunia. Huko Mbale, mashariki mwa Uganda, daktari wa upasuaji Benjamin Warf, katika hospitali ya CURE iliyofunguliwa 2001, aliboresha mbinu ya kutibu kichwa kikubwa bila kumfungia mtoto mrija wa kudumu ambao huziba na kuhitaji upasuaji tena. Aligundua pia kwamba wengi wa watoto aliowatibu hawakuzaliwa na hali hiyo, bali waliipata baada ya maambukizi ya siku za mwanzo za maisha. Hapa nchini, hospitali ya Kijabe imekuwa kimbilio la watoto wenye mgongo wazi na kichwa kikubwa kwa miaka mingi.

Yanayowezekana leo

Mwanamke anayetarajia kupata mimba anaweza kuomba vidonge vya asidi ya foliki katika zahanati kabla ya hedhi kukoma. Hakuna haja ya kungoja tumbo lionekane. Walio na kifafa na wanaotumia dawa ya valproate wamwone daktari mapema, kwa kuwa dawa hiyo huongeza hatari ya mgongo wazi. Lakini wasiiache wenyewe, maana kifafa kisichodhibitiwa huua. Pombe, iwe ya chupa, busaa au chang'aa, haina kipimo kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito.

Gusii ina hazina nyingine. Chinsaga, managu, kunde na mchicha ni mboga zenye foliki. Lakini foliki huyeyuka majini na huharibiwa na moto wa muda mrefu, kwa hivyo desturi ya kuchemsha mboga kwa saa nyingi na kuyamwaga maji machungu humwaga kirutubisho hicho. Kupika kwa muda mfupi na kwa maji kidogo hukinusuru kwa kiasi fulani. Hata hivyo, mboga pekee si mbadala wa kidonge, kwa sababu foliki ya asili haichukuliwi na mwili kikamilifu kama ile ya kidonge.

Kwa upande wa serikali za kaunti, kazi iliyopo ni kuwasaidia wenye vinu vidogo waweze kuchanganya virutubisho katika unga, na kuwapelekea wasichana na wanawake vidonge kabla ya mimba, si baada ya mwezi wa tano.

Kwa mwanafunzi wa Nyakoe anayetafakari atasomea nini, fani hii haimtaki awe daktari pekee. Harada alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya akili, Kelsey wa dawa, Wald wa takwimu za magonjwa. Mwanakemia hupima zebaki, mtaalamu wa lishe hupima foliki, mwanatakwimu husoma fomu, muuguzi huzijaza. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake 2013, kipo karibu naye, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii hupokea wazazi kutoka kaunti kadhaa. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, ipo tangu 1979. Safari ni ndefu: shahada ya kwanza, uzamili, uzamifu, na miaka mingi ya kuhesabu watoto kabla ya kuandika ukurasa mmoja unaoaminika.

Mwisho wa safari hiyo kuna mama ambaye hataulizwa tena alikosa nini. Ataambiwa kilichotokea mwilini mwake, katika wiki ipi, na namna ya kumkinga mtoto atakayefuata.